Kuifuata Injini ya Da Mize Tanga

Tangu nirudi Tibirinzi sijapata kunywa kahawa kwa amani. Kila nikikaa barazani mtu ananiuliza, "Ehe, Hamadi, ikawaje?" Naanza, na nikifika katikati anaingia mwingine anataka nirudi mwanzo. Nimechoka na safari na nimechoka kuisimulia. Basi naandika hapa mara moja tu, anayetaka asome na asiyejua kusoma asomewe. Habari za tiketi, vibali na forodha siandiki. Wenyewe mnazijua, na mimi sitaki kuzikumbuka.

Kwa asiyejua chanzo, dada yangu Mize ameolewa Micheweni, na mumewe alipofariki alimwachia mabinti wawili na mashine ya kusaga ndani ya banda la makuti. Injini ya mashine ile ilikuwa ya petroli, na tangu ije haikuwa na siku nzuri. Hewa ya chumvi iliila magneti, kile cha kutoa cheche, asubuhi ya unyevu ilikataa kuwaka, na ikiwaka ilikunywa petroli kama mgeni asiyejua kushiba. Mwisho ilishika moto mchana kweupe, ikaunguza upande mmoja wa banda na yenyewe ikafa. Shemeji yake mkubwa, Bwana Shaame, alikaa na ndugu zake, wakamwambia da Mize kwamba banda liko kwenye kiwanja chao, na watamngoja mpaka Ramadhani iandame. Mwezi ukiandama mashine imenyamaza, banda wanalichukua watie mbata za nazi. Bila mashine da Mize hana kinachomweka Micheweni. Angerudi kwetu Tibirinzi, Chake Chake, na mabinti wangebaki kwa baba yao mkubwa, ndivyo walivyokwisha kupatana wenyewe.

Mimi ndiye niliyesema dawa ni dizeli. Nilisema mwaka mzima, arusini na mazikoni. Nilimwambia dada kwamba dizeli haili sana, haina plagi wala magneti ya kuoza, haishiki moto ovyo, na ni safi hata unaweza kuisimamia na kanga nyeupe. Ulimi wangu mnaujua. Siku aliponiambia, "Basi nenda kaniletee," nilikuwa sina pa kujificha.

Chake Chake hadi Wete

Niliondoka tarehe kumi na sita Shaaban, na gari iliyotakiwa kutoka asubuhi ilitoka saa tano. Dereva alikuwa na samaki wa kupeleka kwa mkwewe, na mkwewe hakuwa nyumbani, ikabidi tumngoje. Kisha tukasimama kumpa mtu pole ya msiba, gari zima tukashuka tukasoma Fatiha, tukapanda tena. Joto la kaskazi lilikuwa limetanda na jasho linatiririka mpaka ndani ya viatu.

Aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa bibi mmoja wa makamo aliyepakata kikapu cha mayai. Aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia nafuata injini isiyo na plagi.

"Haina plagi," alisema. "Sasa vino inawashwaje? Kwa dua?"

Nilimweleza, na gari zima likasikiliza kwa kuwa halikuwa na la kufanya. Injini ya petroli, nilisema, huchanganya petroli na hewa huko nje kabla ya kuviingiza ndani, na mchanganyiko lazima uwe kwa kipimo chake. Ukizidisha hewa hauwaki. Kwa hiyo hata ikiwa na kazi ndogo, petroli inakwenda tu. Dizeli huvuta hewa tupu, nyingi, inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto wa kuchoma, halafu pampu inarusha tone la mafuta ndani ya hewa ile na tone linawaka lenyewe. Kazi ikiwa ndogo hurushwa tone dogo, na hewa inabaki tele vilevile. Ndiyo maana haili.

"Kwa hiyo inakula hewa," alisema bibi.

"Inakula hewa kwa wingi na mafuta kwa uchache."

"Kama mume wangu wa kwanza," akasema, na akawa hana maswali tena.

Wete hadi Tanga

Wete nilikaa siku tatu. Boti ilikuwepo bandarini, nahodha yupo na abiria tupo, lakini shehena ya mbata haijatimia na mwenye mbata anangoja nduguye kutoka Kojani. Kila siku tuliambiwa kesho. Nililala kwa rafiki yangu mmoja mwalimu, ambaye mkewe alinipa mkate wa mofa na pweza wa nazi asubuhi na jioni mpaka nikaona haya. Siku ya tatu nilijifanya nimeshiba nikaenda sokoni kula muhogo wa kuchoma, na huko nikakutana na mwalimu mwenyewe. Usiku ule nililetewa pweza mara mbili.

Siku nilikuwa nazihesabu. Kwenda, kupata injini, kurudi, kuipeleka Micheweni, kuifunga. Kwa hesabu ya nyumbani nilikuwa nazo siku nne za akiba, na tatu zilikuwa zimekwisha liwa na mbata za mtu nisiyemjua.

Boti ilitoka alfajiri ya siku ya nne. Injini yake ilikuwa ya petroli, na nilijua mapema itatuonesha kazi. Tulipofika mkondo mkubwa mawimbi yalianza kurusha maji, magneti ikalowa, injini ikakohoa, ikanyamaza. Fundi wa boti, mtu mwembamba mwenye subira ambayo mimi sina, alifungua plagi, akazifuta, akaziweka juu ya jiko la mkaa zikauke karibu na birika la chai. Ikawaka. Baada ya saa moja ikalowa tena. Ilikuwa hivyo mchana kutwa, plagi na birika vikipishana jikoni, na sisi tukitapika kwa zamu.

"Ungekuwa na dizeli," nilimwambia fundi, "saa hizi tungekuwa tumeshafika."

"Najua," alisema. "Na ungenyamaza, kichwa changu kingepata kutulia."

Alikuwa na haki. Nilinyamaza mpaka Tanga, na tulifika giza limeingia, nguo zimeganda chumvi.

Tanga

Injini niliyoifuata ilikuwa ya silinda moja, imetumika miaka kadhaa kuvuta maji kwenye shamba moja la mkonge, na aliyeiuza ni Mzee Rajabu, fundi mstaafu anayekaa mbali na bandari. Niliuliza njia kwa watu watano. Kila nikifungua mdomo waliniambia, "Wewe Mpemba," kisha wakanitaka niseme tena ili wacheke vizuri. Nilipofika, mkewe aliniambia mzee amekwenda Pangani kwenye maziko, atarudi kesho. Alirudi baada ya siku tatu. Akiba yangu ilikwisha nikaanza kula siku za kazi yenyewe.

Siku zile tatu nilikaa hotelini kwa chai na chapati, natazama malori ya mkonge yakipita. Nilikuwa na hofu, na siwezi kusema vingine. Nilimwona da Mize akifunga kanga zake kwenye kikapu, mabinti wamesimama mlangoni, na mimi barazani bado nasifia dizeli.

Mzee Rajabu aliporudi hakunipa nafasi ya kulalamika. Alinipokea kama mtoto wake, akanilisha ubwabwa na papa, kisha akanipeleka uani. Injini ilikuwa imefungwa juu ya mataruma mawili mazito ya mbao, nyeusi kwa grisi na vumbi la miaka, na huwezi kuona rangi yake ya asili. Alinipa hendeli.

"Zungusha."

Nilizungusha. Kuna kijiti kidogo juu ya kichwa cha silinda, ukikiinua hewa inatoka na gurudumu linazunguka kwa wepesi, na gurudumu likishapata kasi unakiangusha kijiti, hewa inabanwa, injini inashika. Ilishika mara ya kwanza. Akaizima kwa kufunga mafuta, akaniambia niwashe tena. Aliniwashisha mara kumi na mbili katika jua lile, mpaka viganja vikanichubuka.

"Ya petroli ukivuta waya inakufa," alisema. "Hii haina waya. Haifi mpaka uinyime chakula. Na chakula haichagui sana, maana inachowashia ni joto la hewa tu. Lakini usiitilie maji, usiitilie uchafu, na usiache hewa iingie kwenye bomba. Hewa ikiingia kwenye bomba utazungusha mpaka ufe na haitawaka."

Nikamwambia nayajua hayo. Nilikuwa nayajua kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Tanga hadi Wete

Nahodha alipoiona injini yangu gatini aligoma. Alisema hajapata kuchukua injini mbili chombo kimoja, na hizo ni kama wake wawili chumba kimoja, lazima moja itanuna. Watu walicheka, yeye hakucheka. Tulibishana mpaka adhuhuri. Mwisho fundi wa boti, yule mwembamba, alimwambia nahodha kwamba nyingine imelala haina habari, wala haina petroli ya kulipuka, na mzigo mzito chini utatuliza boti. Nikamshukuru. Akaniambia hakufanya kwa ajili yangu, alitaka tu tuondoke.

Kurudi bahari ilikuwa tulivu, na ile injini ya petroli, kwa kunikomoa, haikuzima hata mara moja.

Wete hadi Micheweni

Wete tulifika tarehe ishirini na saba. Kesho yake asubuhi nilipakia injini na debe moja la dizeli kwenye lori la Khatibu, kijana wa Konde anayeendesha huku anaimba. Tulipita Konde vizuri, barabara ikageuka mawe, na mbele kidogo lori likaguna likasimama. Petroli ilikuwa imekwisha. Khatibu alishuka, akazunguka nyuma, akalitazama debe langu.

"Bwana Hamadi, hebu nipe kidogo hayo."

"Haya dizeli. Gari lako la petroli."

"Mafuta ni mafuta."

"Si mafuta. Hilo lako linataka mvuke wa kushikwa na cheche. Haya ukiyatia kwenye kabureta yatakaa humo yakuangalie."

"Na hayo yako vino ndiyo unayasifia kwamba bora," alisema Khatibu, akaketi kivulini.

Nilikuwa nimekaa juu ya mashine nzima inayoweza kwenda Micheweni na kurudi kwa mafuta niliyo nayo, kama ingekuwa na magurudumu, na imebebwa na lori lililokufa njaa. Tulikaa mpaka alasiri. Akapita mzee na gari la ng'ombe anatoka kupeleka kuni, tukamwomba. Tulihitaji watu saba, wengine wapita njia, kuihamisha injini, na maili zilizobaki nilizitembea kwa miguu nyuma ya gari lile, nimeshika mataruma yasiteleze. Mawe ya Micheweni yanakata kandambili hata nyama. Nilifika napepesuka.

Da Mize alikuwa amesimama mbele ya banda na mabinti zake. Upande ulioungua ulikwisha ezekwa makuti mapya, na uani kulikuwa na vikapu vya mtama na mchele vya majirani, wanataka unga wa vitumbua na uji wa Ramadhani. Walikuwa wamevileta tangu juzi, kwa kumwamini yeye. Aliizunguka injini yote.

"Ndiyo hino?"

"Ndiyo."

"Mbona nyeusi?"

Nikamwambia kesho ataona. Wanaume walinisaidia kuifukia mataruma sakafuni na kuvisha mkanda kwenye kinu cha kusagia. Ilinipasa kuiwasha palepale. Lakini mikono ilikuwa hainiitikii, na siku bado moja. Nilisali Isha kwa kukaa, nikalala.

Micheweni, ishirini na tisa Shaaban

Niliamka alfajiri nikasali, nikasema nijinyooshe kidogo. Nilipofumbua macho jua lilikuwa karibu na utosi, na kutoka bandani nilisikia wanawake wanacheka na maji yanamwagwa.

Mnajua desturi yetu. Ramadhani haikuti nyumba chafu. Masufuria yanasuguliwa, mitungi inafukizwa, kuta zinapakwa chokaa. Da Mize na majirani zake walianza na sufuria, wakamaliza, wakaiona injini.

Nilipoingia bandani sikuitambua. Ilikuwa ya kijani. Walikuwa wameisugua kwa kumbi, jivu na sabuni mpaka imeng'aa, na Bi Tatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa bado anapangusa gurudumu kwa upande wa kanga yake.

"Umeamka," alisema da Mize, uso umejaa furaha. "Tukasema umechoka, tusikuamshe. Walikutilia uchafu huko Tanga, nduguangu. Hata ndani ya tangi mlikuwa na matope. Tumefungua bilula, tumeyamwaga, tumelisuuza mara tatu."

"Kwa maji?"

"Kwa maji ya sabuni, kisha maji matupu."

Nikauliza debe liko wapi. Debe lilikuwepo, tupu. Kila mwanamke aliyesaidia alikuwa amepewa kopo la mafuta akatie kwenye taa yake, sadaka ya kukaribisha mwezi. Da Mize alidhani ni mafuta ya taa. Alisema nilimwambia mashine haili, akaona debe zima ni la nini.

Nilikaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Hasira zilinipanda mpaka masikioni, nikafungua mdomo niseme, na nilichokumbuka ni maneno yangu mwenyewe, kwamba ni safi na kwamba haili. Wamefanya kila kitu kwa kuniamini mimi. Mafuta ya kununua yako Wete, Wete ni mbali, na kwa hesabu ya mwezi huenda tukauona jioni ileile. Da Mize alinitazama usoni na furaha yake ikazimika kidogo kidogo.

"Tumeiua?" aliuliza.

"Hamjaiua," nilisema. "Lakini msiguse kitu."

"Na Shaame anakuja baada ya alasiri."

"Najua."

Mabinti walikuwa wamesimama nyuma yake, wamejibana. Nadhani walielewa kabla ya watu wazima.

Nilimwambia Bi Tatu ahimize, kila aliyepewa mafuta ayarudishe, hata kama yameshachanganyika na ya taa. Wanawake walikimbia. Mimi nilifungua tangi nikalipangusa kwa vitambaa na kulianika juani, nikatoa bomba moja moja na kuyapuliza kwa mdomo. Ladha ya dizeli na sabuni ninayo mpaka leo. Mtungi wa pampu ulikuwa na maji ndani, nikaufuta kwa unyoya wa kuku. Nilishukuru tu kwamba hawakugusa oili ya chini, na hawakuigusa kwa sababu hawakuiona.

Mafuta yalirudi kwa makopo, chupa na vibatari vyenyewe. Mmoja alikuwa ameshawasha chake kujaribu, akalalamika kimefukiza moshi mpaka paka kakimbia. Nilichuja yote kwa kilemba changu kilichokunjwa mara nne. Mengi yalikwisha gawiwa tena, sadaka juu ya sadaka, mpaka vijiji vya jirani. Tukapata kama kibaba na kitu, na nusu yake ilikuwa mafuta ya taa matupu.

"Hayatoshi," nilisema. "Na haya ya taa ni makavu, yatailia pampu. Yanataka kitu cha kuyalainisha."

Da Mize alifikiri. Kisha akaenda ndani akarudi na bati la mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, ya kupikia mwezi mzima.

"Haya hayafai?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Injini ya petroli ungeitilia mafuta ya nazi ingekutukana. Lakini hii inabana hewa mpaka inakuwa moto, na moto ule haujali tone limetoka kisimani au mnazini, alimradi limerushwa jembamba. Nilikuwa nimeyasema hayo barazani mara ngapi. Kuyafanya ni jambo jingine.

"Yapashe moto," nilisema. "Yawe mepesi kama maji. Kisha tuchuje."

Tulichanganya tukapata kama robo ya debe. Nilisali alasiri kwa haraka, na nilipotoa salamu Bwana Shaame alikuwa ameshaingia uani na ndugu zake wawili. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyependa ugomvi, na ndiyo sababu anaogopwa. Alitusalimu vizuri, akauliza hali ya safari, akaketi juu ya kinu cha kutwangia kilichopinduliwa.

"Endelea na kazi yako, shemeji," aliniambia. "Siye tumekuja kutazama tu."

Nilitoa hewa kwenye bomba. Unalegeza nati ya bomba, unapampu kwa kidole gumba, povu linatoka, unapampu, linatoka tena. Watu hawaelewi kwa nini unamwaga mafuta uliyohangaika kuyakusanya. Mmoja wa ndugu alimnong'oneza mwenzake. Nilipampu mpaka likatoka safi bila povu, nikakaza.

Nikashika hendeli. Mara ya kwanza gurudumu lilizunguka, nikaangusha kijiti mwenyewe, likasimama. Mara ya pili vivyo hivyo. Mikono ilikuwa imeliwa na hendeli ya Mzee Rajabu na njia ya mawe ya Konde, haikuwa yangu tena. Sikuweza kuzungusha na kuangusha kijiti kwa wakati mmoja.

"Da Mize," nilisema, "njoo ushike hapa. Nikikwambia sasa, angusha."

Alikuja. Alijifunga kanga kiunoni, akaweka kidole kwenye kijiti. Nilizungusha kwa nguvu zote zilizobaki, gurudumu likaanza kuimba, nikasema, "Sasa."

Akaangusha. Injini ikakaba, ikapiga mara moja, ikatoa moshi mweupe hadi kwenye makuti, ikapiga tena, kisha ikashika na kuendelea, du, du, du, bila haraka. Mabinti walishikana mikono. Bi Tatu alilia waziwazi na hakujali. Harufu iliyojaa bandani ilikuwa ya jikoni kabisa.

Bwana Shaame alinusa.

"Hapa wanachoma vitumbua," alisema.

Kinu kilikuwa kimeshaanza kuzunguka na da Mize anamwaga kikapu cha kwanza cha mchele. Unga ulitoka. Nilimwonesha jinsi ya kuongeza maji ya kupoza na asikilize mlio wake, na nikamwambia nakwenda kukaa kidogo tu. Kulikuwa na magunia matupu ukutani. Sikumbuki hata kulala.

Kilichoniamsha ni ukimya. Niliruka, nikajua imekufa, nikajua nimelala tena na wameifanya kitu. Bandani mlikuwa na mwanga wa kandili. Da Mize alikuwa amekaa sakafuni ameegemea gurudumu, mikono na nyusi nyeupe kwa unga, vikapu vyote vya uani vimekwenda kwa wenyewe.

"Imekuwaje?" niliuliza.

"Mafuta yamekwisha. Ulinifundisha kuiwasha, hukunifundisha kuizima. Nikaiacha iendelee kula mpaka imalize."

Bomba sasa lilikuwa limejaa hewa, na kesho yake ningeanza tena kupampu kwa kidole gumba. Nilikaa karibu yake. Sikuwa na nguvu za kulalamika.

"Inuka usali," alisema. "Magharibi haijakupita. Mwezi umeonekana."

"Shaame je?"

"Alikwenda kwao akarudi na pishi mbili za mtama, akakaa nyuma ya watu wote. Nikamsagia wa mwisho."

"Kasema nini?"

Da Mize alipangusa unga usoni, akazidi kujipaka.

"Kaniuliza kesho nafungua saa ngapi. Nikamwambia sijui, mpaka nduguangu aamke."